Alitolewa mapumziko ya fainali, akagoma kuhama: Safari ya Jalen Hurts chuoni

REKODI zinaonyesha kwamba Jalen Hurts alianza mechi 28 akiwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Alabama, akashinda 26 na kupoteza mbili tu. Ukizisoma namba hizo bila kujua kilichotokea, utadhani kijana huyo aliondoka pale Tuscaloosa akiwa mfalme, amebebwa juu juu na mashabiki.

Wapi! Ya mwisho kati ya mechi hizo 28, ambayo vitabuni inahesabiwa kuwa ushindi wake, alicheza kipindi cha kwanza tu. Baada ya mapumziko alisimama pembeni ya uwanja na kofia yake ngumu, akimtazama kinda wa mwaka wa kwanza akikamilisha kazi aliyoianza yeye. Na haikuwa mechi ya kirafiki. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa taifa ya futiboli ya vyuo vya Marekani.

Leo Hurts ni bingwa wa Super Bowl na mmoja wa wachezaji wanaolipwa pesa ndefu Marekani. Lakini wanaoufuatilia mchezo huo kwa karibu wanasema ukitaka kumwelewa, usianzie Philadelphia anakokipiga sasa. Anzia chuoni, kwenye miaka minne iliyompandisha, ikamshusha, ikampandisha tena.

KWOTABEKI NI NANI?

Kwa wasioufuatilia mchezo huo, futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifanikiwa inapewa mengine manne, mpaka ifike mwisho wa uwanja na kufunga tachidauni, ambayo ni pointi sita, kisha inapiga mpira wa kuongeza moja.

Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira karibu kila jaribio linapoanza. Ana sekunde mbili, tatu hivi za kuamua: atupe pasi, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe huku mijitu yenye kilo 130 inamfukuza imwangushe. Ni kama umchukue kiungo mchezeshaji na nahodha, uwaweke kwenye mwili mmoja. Timu ikishinda anasifiwa yeye, ikifungwa analaumiwa yeye.

Na usidhani kwa kuwa ni mechi za vyuo basi ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Bryant-Denny wa Alabama unaingiza zaidi ya watu 100,000, na Jumamosi ya mechi unajaa. Kocha mkuu wa wakati huo, Nick Saban, alikuwa akilipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Wachezaji wenyewe? Enzi za Hurts walipata ada ya masomo, malazi na chakula. Mshahara hakuna.

MTOTO WA KOCHA

Hurts alizaliwa Agosti 7, 1998 huko Houston, Texas. Baba yake, Averion Hurts, alikuwa kocha mkuu wa timu ya Channelview, sekondari iliyoko mashariki mwa jiji hilo. Kaka yake naye alicheza nafasi hiyo hiyo ya kwotabeki. Kwa hiyo dogo alikua akizurura kwenye mazoezi ya baba yake, na alipofika sekondari akafundishwa na mzee wake mwenyewe.

Alikuwa pia mnyanyua vyuma. Ndiyo maana mpaka leo mabeki wanapata tabu kumwangusha. Miguu yake ina nguvu za mtu wa mizigo.

Januari 2016 aliripoti Alabama kabla ya wenzake wa umri wake kumaliza mwaka wa shule. Septemba 3 mwaka huo timu ilifungua msimu dhidi ya USC huko Arlington, Texas. Hurts hakuanza. Alipoingizwa, mpira wake wa kwanza kabisa ukamponyoka, wapinzani wakauchukua.

Wengi wangeganda hapo. Yeye alirudi akatupa pasi mbili za tachidauni na kukimbia mwenyewe kufunga nyingine mbili. Alabama ikashinda 52-6. Tangu siku hiyo namba ikawa yake, akawa kijana wa mwaka wa kwanza wa kwanza kuanza nafasi hiyo Alabama baada ya zaidi ya miaka 30.

Msimu huo alitupa pasi za jumla ya yadi 2,780, akapata tachidauni 23 kwa pasi na 13 kwa miguu yake. Akachaguliwa mchezaji bora wa safu ya ushambuliaji wa ligi ya SEC, ligi inayotajwa kuwa ngumu kuliko zote kwenye futiboli ya vyuo.

Fainali ya taifa ilichezwa Tampa, Florida, Januari 9, 2017 dhidi ya Clemson. Zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde chache, Hurts alichomoka na kukimbia yadi 30 hadi mwisho wa uwanja. Alabama mbele 31-28. Ana miaka 18 na ubingwa ameushika mkononi.

Lakini kwotabeki wa Clemson, Deshaun Watson, akaipeleka timu yake mbele pasi kwa pasi, na ikiwa imebaki sekunde moja kwenye saa akamkuta Hunter Renfrow akiwa peke yake. Clemson 35, Alabama 31. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Hurts kupoteza mechi aliyoianza chuoni.

MAPUMZIKO YALIYOBADILI KILA KITU

Msimu wa pili Hurts alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alitupa pasi za tachidauni 17 na kunaswa moja tu msimu mzima. Timu ilifungwa mara moja, na Auburn. Kwenye nusu fainali Alabama ikailipa Clemson kwa kuichapa 24-6.

Hata hivyo, minong'ono ilishaanza. Kwamba anakimbia vizuri lakini pasi ndefu zinamshinda. Na kwamba benchi kuna kijana kutoka Hawaii, Tua Tagovailoa, anayetumia mkono wa kushoto, ambaye pasi zake mazoezini zinawaacha watu midomo wazi.

Januari 8, 2018, Atlanta, uwanja wa Mercedes-Benz. Fainali dhidi ya Georgia. Mpaka mapumziko Hurts alikuwa amekamilisha pasi tatu kati ya nane kwa yadi 21. Georgia ilikuwa inaongoza 13-0.

Saban akafanya uamuzi ambao makocha wengi wangeuogopa. Kwotabeki mwenye rekodi ya 25-2 akapumzishwa, na kinda ambaye hakuwahi kuanza hata mechi moja chuoni akakabidhiwa fainali.

Tua akasawazisha matokeo kuwa 20-20. Alabama ikapata nafasi ya kumaliza kazi sekunde za mwisho, mpigaji wake akakosa. Muda wa nyongeza, Georgia ikatangulia kwa pointi tatu. Jaribio la kwanza la Alabama, Tua akaangushwa na kurudishwa nyuma yadi 16. Mashabiki wakashika vichwa. Jaribio lililofuata, akatupa mpira wa yadi 41 ukatua mikononi mwa kinda mwenzake, DeVonta Smith. Tachidauni. Alabama 26, Georgia 23. Bingwa.

Kamera zilimtafuta Hurts. Kila mtu alitaka kuona sura ya mtu aliyenyang'anywa fainali. Zilimkuta akishangilia, akiruka na kumkumbatia Tua. Kwenye mahojiano baada ya mechi alimsifia mwenzake na kusema kilicho muhimu ni timu kushinda.

ABAKI AU AONDOKE?

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Aprili 2018 baba yake aliwaambia waandishi kwamba mwanawe akikosa namba, atakuwa mchezaji huru mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea kwenye futiboli ya vyuo. Mzee hakuwa anatania. Vyuo vingi vingemchukua siku hiyo hiyo.

Lakini sheria za wakati huo zilibana. Mwanafunzi aliyehama chuo kabla ya kuhitimu alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Aliyekuwa na shahada mkononi ndiye aliyeweza kuhama na kuingia uwanjani moja kwa moja. Hesabu ya Hurts ikawa rahisi kuiandika na ngumu kuiishi: avumilie benchi msimu mmoja, amalize shahada Desemba, kisha aondoke akiwa huru na mwaka mmoja wa kucheza mkononi.

Haikuwa kwamba hakuumia. Agosti 2018, kabla msimu haujaanza, alisema hadharani kwamba katika miezi yote hiyo hakuna kiongozi wa timu aliyemuuliza anajisikiaje au anataka nini mpaka walipokuwa wamechelewa. Maneno hayo yaliwashtua wengi kwa sababu Hurts si mtu wa kuropoka.

Msimu ukaanza, Tua kikosi cha kwanza, Hurts benchi. Mwaka huo pia ililetwa sheria mpya iliyomruhusu mchezaji kucheza hadi mechi nne bila kuhesabiwa kwamba ametumia mwaka wake. Kelly Bryant, kwotabeki wa Clemson aliyepoteza namba kwa Trevor Lawrence, aliitumia nafasi hiyo, baada ya mechi nne akaaga na kwenda Missouri. Macho yote yakamgeukia Hurts.

Mechi ya nne ikapita. Ya tano akaingia uwanjani. Kwa kufanya hivyo alikuwa ameutoa sadaka mwaka wake mzima kwa ajili ya kuingia dakika za mwisho, mechi zikiwa zimeshaamuliwa.

ATLANTA TENA

Desemba 1, 2018. Fainali ya ligi ya SEC. Uwanja ni ule ule wa Mercedes-Benz. Wapinzani ni wale wale Georgia. Aliyepanga stori hii alikuwa na makusudi yake.

Georgia iliongoza hadi 28-14. Tua alikuwa anachechemea, pasi zake hazifiki. Alabama ikapunguza hadi 28-21, lakini robo ya nne kifundo cha mguu kikamgomea kabisa Tua, akatolewa nje akishikiliwa. Zilikuwa zimebaki kama dakika 11.

Akaitwa Hurts.

Ukiwa benchi msimu mzima, kisha unaitwa kwenye mechi ya ubingwa ukiwa nyuma, mbele ya uwanja uliokuona ukidhalilika miezi 11 iliyopita, una sababu zote za kutetemeka. Hurts alikamilisha pasi saba kati ya tisa. Moja aliipiga katikati ya msitu wa mabeki, Jerry Jeudy akaidaka, matokeo 28-28.

Georgia ikajaribu janja. Badala ya kuupiga mpira mbele kama kila mtu alivyotarajia, ikampa kinda wake Justin Fields ajaribu kukimbia nao. Akakwama. Alabama ikapata mpira eneo zuri, na ikiwa imebaki dakika moja na sekunde nne Hurts akaona njia, akakimbia yadi 15 na kuingia mwenyewe. Alabama 35, Georgia 28.

Saban, kocha ambaye sura yake huwa kama ukuta wa zege, alihojiwa uwanjani sauti ikiwa inamyumba. Alisema hana namna ya kueleza anavyojivunia kijana huyo.

Wiki chache baadaye Hurts alivaa joho na kupokea shahada yake. Januari 2019 Alabama ilifungwa 44-16 na Clemson kwenye fainali ya taifa, na mkataba wa moyo kati yake na Tuscaloosa ukaisha kwa amani. Hakuna aliyemzomea. Aliondoka akipendwa kuliko alivyokuwa akishinda kila wiki.

OKLAHOMA NA MWAKA WA MWISHO

Alichagua Oklahoma, chini ya kocha Lincoln Riley. Hapo napo hapakuwa na mteremko. Makwotabeki wawili waliomtangulia, Baker Mayfield na Kyler Murray, walikuwa wametwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mmoja mwaka 2017 na mwingine 2018. Kukalia kiti hicho ni sawa na kurithi duka la tajiri, hasara kidogo tu unaonekana umelifilisi.

Mechi ya kwanza, Septemba 1, 2019 dhidi ya Houston, chuo cha jiji la kwao, Hurts alitupa pasi za yadi 332 na kukimbia yadi 176. Tachidauni tatu kwa mkono, tatu kwa miguu. Oklahoma 49, Houston 31. Waliosema hajui kutupa pasi wakaanza kukohoa.

Novemba 16 huko Waco, Oklahoma ilikuwa imelala 28-3 mbele ya Baylor. Hurts mwenyewe alikuwa amefanya makosa. Lakini akawarudisha wenzake mchezoni, akatupa pasi nne za tachidauni na mechi ikaisha 34-31. Hakuna Oklahoma nyingine iliyowahi kupindua pengo kubwa namna hiyo. Mwezi uliofuata wakaifunga Baylor tena, 30-23 kwenye muda wa nyongeza, na kutwaa ubingwa wa ligi ya Big 12.

Kwa msimu mzima alitupa pasi za yadi 3,851 na kukimbia yadi 1,298. Tachidauni 32 kwa pasi, 20 kwa miguu. Kwenye kura za Heisman akamaliza wa pili nyuma ya Joe Burrow wa LSU.

Na Burrow huyo ndiye aliyemsubiri kwenye nusu fainali ya taifa, Desemba 28, 2019. Uwanja? Mercedes-Benz, Atlanta. Safari hii hapakuwa na muujiza. Burrow alitupa pasi saba za tachidauni kabla ya mapumziko. LSU 63, Oklahoma 28. Maisha ya chuo ya Hurts yakafungwa kwenye uwanja ule ule uliomtoa benchi na kumpeleka benchi.

WA 53

Kwenye usajili wa wachezaji wapya wa NFL, Aprili 2020, Burrow alichukuliwa wa kwanza na Cincinnati. Tua alikuwa wa tano, akaenda Miami. Hurts alisubiri mpaka raundi ya pili, jina lake likasomwa la 53. Makwotabeki wanne walikuwa wameshamtangulia.

Tena Philadelphia Eagles iliyomchukua ilikuwa na kwotabeki wake, Carson Wentz, aliyekuwa ameongezewa mkataba mnono mwaka mmoja tu nyuma. Mashabiki walihoji: huyu wa nini? Kwa mara nyingine Hurts akaanza kazi akiwa amekaa benchi. Lakini hilo somo alishalimaliza Alabama. Desemba mwaka huo huo alipewa nafasi, akaifunga New Orleans 24-21 kwenye mechi yake ya kwanza kuanza, na msimu uliofuata Wentz alikuwa ameshauzwa.

Februari 12, 2023 alicheza Super Bowl ya kwanza dhidi ya Kansas City Chiefs. Alifunga tachidauni tatu kwa kukimbia, lakini pia aliponyokwa mpira mmoja uliogeuzwa tachidauni na wapinzani. Chiefs ikashinda 38-35. Aprili akasaini mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 255. Mwezi uliofuata, akiwa na pesa za kununua mtaa mzima, alirudi Oklahoma kuvaa joho tena, akapokea shahada ya uzamili.

LEO ANGEBAKI?

Swali hili huulizwa sana Marekani, kwa sababu mazingira yamebadilika haraka. Mwaka 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Julai mwaka huo huo wakaruhusiwa kuingiza pesa kupitia majina na picha zao, mikataba ya matangazo ikamiminika. Kwotabeki anayepoteza namba siku hizi huwa na chuo kipya kabla hajatoa vitu vyake kwenye kabati.

Wapo wanaosema sheria za zamani zilikuwa za kinyonyaji, vyuo vilivuna mamilioni huku kijana akifungwa mahali asipotakiwa. Ni kweli kabisa. Hurts alikaa benchi mwaka mzima bila senti ya mshahara, na kama kifundo kilichoumia siku ya Desemba kingekuwa chake, pengine dola milioni 255 asingeziona. Wengine wanajibu kwamba bila mwaka huo wa benchi, Eagles isingempata Hurts huyu. Pande zote mbili zina hoja, na yeye mwenyewe hajawahi kusema kwamba kila kijana afanye kama alivyofanya.

Kilicho wazi ni kilichotokea New Orleans, Februari 9, 2025. Super Bowl tena, Chiefs tena, safari hii wakitafuta ubingwa wa tatu mfululizo. Mpaka mapumziko Eagles ilikuwa mbele 24-0, na Hurts hakutolewa na mtu.

Robo ya tatu aliinua kichwa, akaona mtu wake ameshawaacha mabeki upande wa kulia, akautupa mpira juu. Yadi 46. Aliyeudaka na kufunga ni DeVonta Smith, yule yule aliyedaka pasi ya Tua kule Atlanta wakati Hurts amesimama pembeni. Ikawa 34-0, mchezo umekwisha. Eagles ilishinda 40-22, Hurts akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Alikuwa na miaka 26.